Bibi wa Nairobi

Jiwe la kaburi halihitaji maneno mengi. Lakini ili kuyapata hayo machache, mimi na mume wangu ilibidi tupande basi kutoka Dar mpaka Pumwani.

Ijumaa usiku, tunatoka kula kuku na chipsi Sinza, foleni haisogei. Pembeni mwa barabara wamesimama akina dada wanne au watano, mmoja kavua viatu virefu kavishika mkononi. Mume wangu akapandisha kioo. "Na wewe pandisha cha kwako," akaniambia. "Machangu hao, watatuingilia mpaka ndani." Nikacheka. Siyo kile kicheko cha kuzuga, nilicheka kabisa, na nikaongezea neno la kwangu ambalo mhariri hawezi kulichapa hapa.

Hapo hapo simu ikaita. Alikuwa baba, anapiga kutoka Kanyigo, kwetu Kagera. Ukoo umeamua kwamba kabla ya Desemba, watu hawajaanza kurudi nyumbani kwa sikukuu, makaburi yote yaliyo kwenye kibanja yajengwe vizuri, yapigwe vigae, kila moja liwekewe jiwe. La babu limeshaandikwa. La bibi mzaa baba nalo tayari. Limebaki moja, la shangazi yake baba, ambaye sisi wajukuu wote tulimwita Bibi wa Nairobi.

"Baba yako mkubwa anasema tuandike jina na miaka, basi. Nairobi isitajwe."

"Kwa nini isitajwe?"

"Si unajua mwenyewe." Akanyamaza kidogo. "Wewe ndiye unayeshinda na kalamu. Niandikie mistari miwili. Naona aibu kumwandikia jina tupu mtu aliyenisomesha."

Simu ilipokatika wale dada walikuwa bado wapo pale pale, na sisi bado tuko pale pale. "Vipi, kuna msiba?" mume wangu akauliza. Ndipo nikamwambia, baada ya miaka mitatu ya ndoa, kitu ambacho sikukigusa hata wakati wa uchumba. Kwamba Bibi wa Nairobi, yule ambaye picha yake iko sebuleni kwetu, kakaa kwenye kiti cha studio na mkoba mapajani, alikuwa malaya.

Akazima redio. "Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Kwa sababu ya neno lenyewe," nikamjibu. Na neno lilikuwa limetoka kinywani mwangu mimi, siyo kwa baba mkubwa.

"Nilikuwa na chumba"

Mpenzi msomaji, naomba nikueleze huyu bibi alikuwa nani. Alizaliwa karibu na mwaka 1918. Aliolewa, ndoa ikavunjika, akarudi kwao, na miaka ya 1930 akaondoka. Njia ya wakati ule ilikuwa meli ya mvuke kutoka Bukoba mpaka Kisumu, halafu treni mpaka Nairobi. Alirudi miaka ya 1950 akiwa na masanduku mawili, Kiswahili cha mjini na pesa. Akanunua kibanja chenye migomba na mibuni. Akajenga nyumba ya bati wakati majirani wengi bado wanaezeka kwa nyasi. Ada ya baba ilitoka kwake, na ya wadogo zake baba, na ya baba mkubwa pia.

Mimi nilimkuta mzee. Alikuwa na kikombe chake cha udongo mweupe ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, na chai yake ilikuwa lazima iwe ya moto kabisa, ya maziwa, na iletwe na maji ya kunawa. Watu walikuwa wanakuja kwake kukopa. Wanapiga magoti, wanashukuru, wanatoka na pesa. Wakishavuka migomba, unasikia minong'ono. Neno "malaya" nililisikia pale pale nyumbani kabla sijajua maana yake. Nilidhani ni kazi, kama fundi cherehani.

Ndiyo maana mwaka 1993, nikiwa na miaka sita, nilimuuliza mbele ya watu wakati wa chakula: "Bibi, ni kweli ulikuwa malaya?"

Kofi la baba lilifika kabla sijamaliza. Lakini Bibi alimzuia mkono, akanywa chai yake, akanijibu taratibu: "Nilikuwa na chumba."

Basi. Hakuongeza neno. Alifariki miaka miwili baadaye. Nilikua, nikasoma, nikapata kazi, nikaolewa, na lile jibu lilibaki kama kitendawili kisicho na mteguaji. Nyuma ya picha yake kuna neno moja tu la penseli: Pumwani. Kwa hiyo tulipopata likizo ya siku chache, mume wangu akasema mwenyewe, "Twende tukaone hicho chumba." Hapo nilimpenda upya, siyo siri.

Samaki, kicheche na mbuzi

Dar mpaka Nairobi kwa basi ni safari ya mchana kutwa na usiku juu yake. Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Moshi, Arusha, halafu Namanga mnagongewa pasi. Wanandoa wanaotaka kujuana wasiende honimuni ufukweni, wapande basi hilo. Hakuna pa kukimbilia.

Tulipofika Segera mume wangu akaanza kucheka peke yake. Yeye ni mtu wa Pangani, kwao ni wavuvi. "Unajua kwetu changudoa ni kitoweo? Ni changu mwenye doa jeusi ubavuni. Mama anamkaanga tunamla na wali wa nazi. Mwaka wa kwanza chuoni nikaingia mgahawa wa Dar nikaulizia changudoa. Wee! Mgahawa mzima uliangua kicheko, mhudumu akanuna."

Tukaanza mchezo wa kuyahesabu majina. Changudoa, samaki. Kicheche, mnyama mdogo mwenye harufu. Kahaba, hilo limetoka Uarabuni, linafaa mimbarini na mahakamani. Dada poa lilipoingia mjini lilikuja na tabasamu, kama vile watu wametafuta neno la kistaarabu. Siku hizi mwite mtu dada poa uone kama hamtapigana. Kwenye semina za afya utasikia "wanawake wanaofanya biashara ya ngono", ambalo ni refu na safi, lakini sijawahi kumsikia mtu akilitumia kwenye daladala. Kila neno jipya linaanza likiwa limeoga, na baada ya muda mfupi linachafuka. Siyo kosa la neno. Tunalitupa jipya kwenye matope yale yale.

"Na malaya je?" mume wangu akauliza.

Nikatazama dirishani. Hilo ndilo nililokuwa nalifuata.

Majengo

Mwenyeji wetu Nairobi alikuwa mfanyakazi mwenzangu wa zamani, kijana aliyezaliwa Majengo, ndani ya Pumwani. Asubuhi alitupitia hotelini tukapanda matatu. Siyo mbali na katikati ya mji. Unapita karibu na Gikomba, pale mitumba inapomwagwa kwa marobota, unaona hospitali ya uzazi ya Pumwani, iliyoanza mwaka 1926 na ambako sijui ni Wanairobi wangapi wamelilia mara ya kwanza. Msikiti wa Riyadha upo, maghorofa mapya yapo, na katikati ya vyote hivyo bado utaziona nyumba chache za zamani: ukuta wa udongo, ukumbi katikati, vyumba huku na huku. Mtu wa Ilala au Kariakoo ya zamani ataingia bila kuuliza njia. Ni nyumba ya Kiswahili kabisa, iko Nairobi.

Sehemu hii ilitengwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa mahali pa Waafrika. Waligawiwa viwanja, kila mtu ajijengee. Na hapa ndipo pananoga. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Nairobi ya wakati ule ilitaka mikono ya wanaume, siyo familia zao. Mwanaume analipwa mshahara wa mtu mmoja, anapewa nafasi ya kulaza ubavu, mke abaki kijijini. Sasa nani anampikia? Nani anamchemshia maji ya kuoga? Chai ya asubuhi anainywea wapi? Kulikuwa na wanawake waliojua jibu la maswali hayo, na walilipisha.

Mwanahistoria mmoja Mmarekani, Luise White, alikuja miaka ya 1970 akakaa na akina mama wazee wa mitaa hii, akawasikiliza wakieleza kazi yao wenyewe. Kitabu chake, The Comforts of Home, kilitoka mwaka 1990. Nilikisoma kabla ya safari, na kitu kilichonishangaza ni kwamba akina mama wale hawakuwa na neno moja. Walikuwa na maneno matatu, yote ya Kiswahili, na kila moja lilieleza namna ya kufanya kazi. Watembezi walitembea barabarani kutafuta wanaume. Wazi-wazi walikaa nje, mlangoni kwao, wakitaja bei kwa anayepita. Na malaya walikaa ndani ya chumba wakimsubiri mwanaume aje mwenyewe abishe hodi.

Lakini kusoma ni jambo moja. Mwenyeji wetu akatupeleka kwa bibi yake.

Mlango

Tulimkuta amekaa kwenye kibaraza, kanga mbili, tasbihi mkononi. Ana zaidi ya miaka themanini, amezaliwa nyumba ile ile. Tukatoa shikamoo, mume wangu akakaa kwenye mkeka, mimi nikakaa karibu naye. Nikatoa picha.

Aliitazama muda mrefu, akaisogeza kwenye mwanga. "Huyu Mziba," akasema. Ndivyo watu wa kwetu walivyoitwa hapa, Waziba, kwa ajili ya Kiziba. "Simjui kwa sura, mwanangu, walikuwa wengi. Lakini nguo hii naijua. Mama alikuwa na moja kama hii."

Nikakusanya ujasiri nikamweleza swali langu la miaka sita na jibu nililopewa. Bibi akacheka mpaka tasbihi ikamponyoka.

"Amekujibu sawasawa! Wewe ulimwuliza tusi, yeye akakujibu kazi. Mama alikuwa akituambia hivi: mtembezi hana mlango. Wazi-wazi anao, lakini haufungi. Malaya ana mlango, na ukishafungwa hujui ndani kuna nini. Anaweza kuwa anapika chapati. Mwanaume anapewa chai, anapewa maji ya moto, anakula, analala, asubuhi analipa anakwenda kazini. Hakuna makelele, jirani hasikii kitu. Hiyo ilikuwa heshima. Mpaka hao wenyewe kwa wenyewe walidharauliana kwa ajili ya mlango."

"Na Waziba?" nikauliza.

Akanitazama kwa huruma. "Waziba walikaa mlangoni, mwanangu. Wazi-wazi lilikuwa jina lao."

Moyo ukashuka. Nilijua, maana kitabu kinasema hivyo hivyo. Miaka ya 1930 wazi-wazi wengi walitoka kwetu. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka vibaya, nyumba zimekosa pesa, na mabinti wakapanda meli. Hawakuja kutafuta mume wala kujenga Nairobi. Walikuja kukusanya shilingi haraka wazirudishe nyumbani, ndiyo maana hawakujali sana majirani wa Pumwani wanasemaje. Wenyeji wakawasema. Huko nyumbani wakasemwa pia. Pesa, hiyo ilipokelewa.

Na hapo, msomaji wangu, ndipo nilipojikamata. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa watu, Nairobi, naomba kimoyomoyo Bibi awe malaya. Lile neno ambalo miaka mitatu nililificha ndani ya ndoa yangu, sasa nalitaka. Naliona ni cheo. Naomba angalau awe amefunga mlango!

Nadhani bibi mwenyeji aliniona usoni. "Wengine walianza mlangoni wakaishia ndani," akasema. "Mtu akipata pesa anabadilisha. Huyu ana mkoba mzuri." Akanirudishia picha. "Lakini usimchagulie, mwanangu. Amekwambia alikuwa na chumba. Chumba ni chumba."

Mume wangu, ambaye muda wote alikuwa kimya, akauliza chumba kama hicho kinafananaje. Bibi akanyoosha kidole ndani. Mlango wa tatu kushoto kulikuwa na mpangaji, dada mmoja anauza viazi Gikomba, akaturuhusu tuchungulie. Kitanda, jiko la mafuta ya taa, kabati, pazia, kalenda ukutani. Hatua nne kwa tatu. Nilitegemea kulia, sikulia. Nilikuwa nahesabu. Kutoka kwenye chumba kama hiki zimetoka ada za watoto saba, bati la nyumba nzima na kibanja.

Wakati wa kutoka mwenyeji wetu akatuambia kwamba Majengo inajulikana ulaya na Amerika kwa sababu nyingine. Tangu mwaka 1985 kuna utafiti hapa wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada, kwa wanawake wanaofanya biashara hii. Wachache wao walikutwa hawaambukizwi virusi vya UKIMWI ingawa walikuwa wanakutana navyo mara kwa mara, na damu yao ikawafundisha wanasayansi mambo mengi kuhusu kinga ya mwili. "Huku mtaani wanatukanwa," akasema, "na huko wanaandikwa kwenye majarida ya madaktari. Mtu ni yule yule."

Kioo kinachoshuka

Usiku tulitoka kutembea mjini. Tukafika Koinange, mtaa ambao magazeti ya Nairobi yameuandika kwa miaka mingi kwa sababu ya akina dada wanaosimama pale usiku. Gari moja safi likapunguza mwendo. Kioo kikashuka. Dada akainama, wakaongea, akaingia, gari likaondoka.

Mume wangu akasimama. "Juzi Sinza mimi nilipandisha kioo," akasema. "Huyu kashusha. Huyu tunamwitaje?"

Tukatafuta. Mteja? Hata mwenye duka la mkaa ana wateja. Buzi? Hilo la Bongo, yule anayechunwa, linamcheka kwa kuwa kaliwa pesa, siyo kwa alichofuata. Fisi? Hilo nalo ni utani, washikaji wakiitana hivyo wanagonga mikono. Na kumbuka kwamba Manzese kuna mahali panaitwa Uwanja wa Fisi, ukitajiwa jina hilo unawawazia akina dada, huwazii fisi wenyewe. Hata "malaya", ukimwita mwanaume, atacheka akuongezee soda. Mwite dada yake, hapo ni vita.

Halafu angalia tunavyosema: "anajiuza". Kitenzi kizima kimejikunja ndani yake. Anayeuza ni yeye, kinachouzwa ni yeye, na mnunuzi hayumo kabisa kwenye sentensi. Kiswahili chetu kina msamiati wa kutosha kwa kila kitu, lakini hapa tumempa mnunuzi mlango wa nyuma.

Haimaanishi haiwezekani. Mnakumbuka Fataki? Mwishoni mwa miaka ya 2000 ulikuja ule mchezo wa kampeni redioni Tanzania, wa mzee mwenye pesa anayewarubuni mabinti wa shule, na kila mara anaumbuka. Kabla ya hapo binti ndiye alikuwa na majina yote. Baada ya muda mfupi tu, mwanaume akionekana na mtoto wa shule, watu kituoni wanapaza sauti: "Fataki huyo!" Jina moja, na aibu ikahama upande. Wakenya nao wamejitengenezea mubaba na sponsa. Kwa hiyo lugha inaweza. Ni sisi wenyewe tu.

"Mimi sitalisema tena," mume wangu akasema, akimaanisha lile la Sinza. Nikamwambia asijifanye malaika, tungeona. Lakini nilimshika mkono, na mimi nikakumbuka la kwangu lile lisilochapika.

Jiwe

Baba mkubwa hakufurahi. Nilimpigia simu nikiwa bado Nairobi, akaniambia, "Mwanangu, watu watasoma." Nikamwambia ndiyo maana ya jiwe. Akakata. Nilikaa na mume wangu hotelini mpaka saa saba usiku, tunaandika tunafuta. Nilitaka kuweka neno moja la kumweleza, halikupatikana. "Mfanyabiashara" ni uongo wa nusu. "Mwenye chumba" hakuna atakayeelewa. Malaya, kwa maana ya Pumwani, ningeona fahari, lakini Kanyigo siyo Pumwani, na tena sijui kama alikuwa yule wa kufunga mlango. Mwisho tukaacha kumtafutia jina. Tukaandika alichofanya.

Na kibanja kile kina maana zaidi kuliko tulivyofikiri utotoni. Kwa mila za kwetu binti hakuwa na mamlaka ya kuuza shamba la ukoo, hata akiachiwa na baba yake. Ilichukua mpaka mwaka 1990, kwa kesi iliyotoka huko huko Kagera, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza kuamua kwamba ubaguzi huo unakwenda kinyume cha Katiba. Mwanamke wa kizazi cha Bibi aliyetaka ardhi isiyo na mwenye kumwondoa alikuwa na njia moja, kuinunua kwa pesa yake. Bibi alinunua. Na makaburi yote ya ukoo, la babu, la bibi mzaa baba, na siku moja la baba mkubwa mwenyewe, yako kwenye udongo huo.

Desemba tulikuwa Kanyigo. Jiwe limesimama kati ya migomba, jina lake juu, halafu mistari hii:

Aliishi Pumwani, Nairobi, 1937–1952.
Alinunua kibanja hiki. Alisomesha watoto saba.

Watu walikuja, wakasoma, wengine midomo ikisogea. Hakuna aliyesema kitu. Minong'ono haikukosekana kule nyuma ya migomba, nisikudanganye. Mama mmoja mtu mzima alipitisha kidole kwenye neno Pumwani akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli alikuwa huko. Nikamwambia ndiyo, alikuwa na chumba. Akatikisa kichwa, akasema, "Na mama yangu."

Baba mkubwa alichelewa. Alikuja jioni, wageni wamepungua, akasimama mbele ya jiwe mikono nyuma. Mume wangu akanifinya mkono. Mzee alisoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, akarudi wa kwanza. Kisha akamgeukia baba.

"Mmekosea," akasema. "Aliondoka 1938. Nilikuwa nimebebwa mgongoni, mama alikuwa ananisimulia. Ukoo mzima ulimsindikiza mpaka gatini."

MKITAKA KWENDA

• Kwa basi kutoka Dar njia ni Namanga. Beba pasi au hati ya dharura ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiache nyumbani.

• Pumwani nenda asubuhi, na nenda na mwenyeji. Siyo mahali pa watalii, ni nyumbani kwa watu. Kamera iwe mfukoni mpaka uruhusiwe.

• Pita Gikomba wakati wa kurudi. Bei ya kwanza siyo bei.

• Ukibahatika kukaa na wazee, anza na shikamoo, kaa chini, uliza kuhusu nyumba: nani aliijenga, lini, vyumba vingapi. Mengine yatakuja yenyewe.